Kabla ya jiwe la kwanza: ya kuzingatia ukitaka kuokota na kung'arisha mawe nyumbani

Karibu kila anayeniuliza kuhusu hobi hii anaanza na mashine. Ni ya aina gani, inauzwa wapi, inakula umeme kiasi gani. Nami nilianza hivyo hivyo, na mashine yangu ya kwanza ikakaa chini ya meza miezi mitatu kwa sababu sikuwa na jiwe hata moja ambalo ningeweza kueleza nimelipata wapi. Kwa hiyo tuanze na karatasi, mashine itangoja.

Marekani mtu huweza kwenda kwenye ardhi ya umma na nyundo yake, akaokota agati (jiwe gumu lenye mistari ya rangi) kwa kiasi kidogo cha matumizi yake mwenyewe, na sheria ikamwacha. Wengi tunaangalia video zao, tunavaa kofia, tunaingia porini. Kwetu haiendi hivyo. Tanzania madini yote ni mali ya Jamhuri, yawe juu ya ardhi au chini yake, hata katika shamba ulilorithi kwa babu. Kuyatafuta ni leseni, kuyachimba ni leseni, kuyauza ni leseni, na ukikutwa na mfuko wa vito ambavyo huwezi kuonyesha vilikotoka, umejitafutia kesi. Kenya, Sheria ya Madini ya 2016 nayo inaweka madini mikononi mwa serikali kwa niaba ya wananchi. Ndani ya hifadhi za taifa usiokote hata kokoto. Na Mererani ndiyo usahau kabisa habari ya kutembea tembea: tangu 2018 machimbo ya tanzanaiti yamezungushiwa ukuta wa zaidi ya kilomita 24 wenye lango moja.

Njia iliyonyooka ni kununua. Tangu 2019 Tanzania ina masoko ya madini katika mikoa mingi, na madalali wenye leseni wanafanya kazi humo. Kabla hujatoa hela, pita ofisi ya Afisa Madini Mkazi wa mkoa wako, eleza kwamba wewe si mfanyabiashara, unataka mawe ya kujifunzia, na uulize unaruhusiwa kununua nini na kwa nyaraka zipi. Watakushangaa kidogo, halafu watakusaidia. Risiti iandikwe aina ya jiwe, uzito na namba ya leseni ya muuzaji. Zangu naziweka kwenye faili moja na daftari la mawe, kila jiwe na namba yake. Ukiona ni usumbufu, ngoja siku utakaposimamishwa barabarani na begi zito.

Chanzo kingine kinachosahaulika ni mabaki. Wakataji wa vito na mafundi wa mawe ya mapambo hubaki na vipande ambavyo havina faida kwao. Arusha kuna Kituo cha Jimolojia Tanzania kinachofundisha ukataji. Hata kama huna muda wa kozi, ni mahali pazuri pa kuuliza maswali.

Jiwe lipi la kuanzia? Si tanzanaiti. Najua ndiyo iliyokuvuta, lakini ugumu wake ni 6.5 hadi 7 tu kwenye kipimo cha Mohs, kinachopima ugumu wa madini kuanzia 1 hadi 10, hupasuka kirahisi kwa kufuata mkondo wake wa ndani, na haivumilii joto la ghafla. Tena huonyesha rangi tofauti kila ukiigeuza, hivyo ukikosea upande wa kukata unapoteza bluu yote. Anza na jamii ya kwatzi: agati, au krisopresi ya kijani ya Haneti, Dodoma. Ugumu 7, jiwe lote lina tabia moja, na ukiharibu hulii. Aliye Kenya na hana mashine kabisa achukue jiwe la sabuni la Tabaka, Kisii, ambalo hukatwa kwa msumeno wa kawaida na kulainishwa kwa msasa wa maji. Vumbi lake nalo si la kuvuta, lakini hilo nitalifikia.

Mimi sikuanza na kwatzi. Nilianza na jiwe la Longido, lile la kijani lenye madoa mekundu ya rubi na mabaka meusi, kwa kuwa lilikuwa zuri na bei yake ilikuwa ndogo. Nikalikata, nikapita msasa namba 220, 400, 800, nikafika 2000 (namba ikipanda msasa ni laini zaidi), nikalikausha kwa fulana na kulishika juani. Rubi zilikuwa zimesimama kama chunusi, na kijani kimezama pembeni yake. Ukipitisha kidole unasikia vilima. Sababu yake ni rahisi: zoisaiti, yaani ile sehemu ya kijani, ina ugumu wa 6 na kitu, rubi ina 9, na msasa wangu ulikuwa umebandikwa kwenye kipande cha godoro. Kitu laini kinapobonyea, msasa unachimba kilicho laini na kukipita kilicho kigumu. Dawa yake ni unga wa almasi juu ya kitu kigumu kisichobonyea, tangu hatua ya mwanzo, na mkono mwepesi. Jiwe lile bado liko dirishani, na wageni hulisifu kwa kuwa hawaligusi.

Kabla ya kununua chochote jifunze kulijua jiwe kwa mizani. Macho hudanganywa kila siku. Nikiwa safarini niliwahi kusimamishwa na mzee mmoja kando ya barabara.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Tazama hii, tsavoraiti safi kabisa, kito cha kijani."

Ilikuwa ya kijani, inang'aa, haina doa. Nikatoa mizani yangu ndogo ya sonara, nikaweka kikombe cha maji juu yake na kuirudisha sifuri, kisha nikaning'iniza jiwe kwa uzi ndani ya maji bila kugusa kitako cha kikombe. Mizani ikasoma gramu 2.1, huo ndio uzito wa maji yaliyosukumwa. Jiwe lenyewe, likiwa kavu, lilikuwa gramu 5.2. Gawanya uzito mkavu kwa uzito wa maji: 2.48, yaani jiwe ni zito mara 2.48 ya maji ya ujazo uleule. Tsavoraiti hutoa kama 3.6, rubi 4, kwatzi 2.65. Karibu na 2.5 ni kioo, yaani kipande cha chupa ya kijani kilichosuguliwa vizuri na mto, au na mtu. Mzee akacheka, nami nikacheka, tukanunuliana chai.

Kwa hiyo mizani inayosoma sehemu ya kumi ya gramu ni muhimu kuliko mashine. Ongeza lenzi ya kukuza mara 10, sumaku na tochi kali. Kumbuka pia karati 5 ni gramu 1, na jiwe ghafi likikatwa nyuso nyingi za kung'aa linaweza kupoteza zaidi ya nusu ya uzito wake, mara nyingi robo tatu. Anayekuuzia kwa karati anajua hesabu hiyo.

Sasa vumbi. Hapa sina mzaha. Agati, kwatzi na mawe mengi ya mtoni ni silika, na vumbi lake likiingia kwenye mapafu halitoki. Silikosisi, ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi hilo, haina tiba, na haikuonyi mapema. Usikate wala kusaga jiwe kavu kavu, hata mara moja, hata nje, hata kama fundi wa jirani anafanya hivyo kila siku na grinda bila barakoa. Maji ndiyo kinga ya kwanza, barakoa ya kuchuja vumbi jembamba ni ya pili. Ya kitambaa hapo haisaidii kitu. Malakaiti, jiwe la kijani kutoka Kolwezi na Lubumbashi huko Kongo, ni nzuri mno na laini kukata, lakini ina shaba na vumbi lake ni sumu. Iache mpaka mazoea ya maji yawe yameshakuingia.

Maji yakikutana na umeme ni balaa jingine. Grinda ya mkono haikutengenezwa kunyeshewa. Kwa pesa ya kawaida, mashine ya kukatia vigae yenye beseni la maji chini na diski ya almasi ni mwanzo wa busara, ikichomekwa kwenye soketi yenye swichi ya kukata umeme unapovuja. Vaa miwani ya kinga. Usivae glavu za kitambaa karibu na diski inayozunguka, na nywele ndefu zifungwe.

Pipa la kuzungusha, linalosugua mawe kwa unga mkali na maji mpaka yang'ae, ni la wasio na haraka: wiki moja hivi kwa kila hatua, hatua nne, usiku na mchana. Linapiga kelele kama mvua ya mawe kwenye bati, basi fikiria jirani. Fikiria na mgao wa umeme: likisimama siku mbili katikati ya hatua, tope hukaza ndani na utaligonga kwa bisibisi.

Ukialikwa kwenye eneo la mwenye leseni, nenda na mtu wa pili, maji ya kutosha, viatu vya kufunika kifundo, na umwambie mtu nyumbani mtarudi saa ngapi. Nyundo iwe ya wachimbaji, si ya seremala. Ya seremala hurusha vipande vya chuma. Usiingie shimo la zamani kwa sababu yoyote, wala usisimame ukingoni, hasa baada ya mvua. Machi 2008 mafuriko yaliua makumi ya wachimbaji Mererani, na wale walikuwa watu waliozijua njia za chini. Funga kila jiwe kwenye gazeti na uandike ulikolipata papo hapo. Jioni yote yatafanana.

Mwisho ni tope. Linalobaki kwenye beseni usilimwage kwenye sinki wala kwenye shimo la choo. Hukaa chini kama saruji, na fundi bomba ni ghali kuliko rubi ya Longido. Liache litulie usiku mzima, chota maji ya juu, tope lenyewe lifunge kwenye mfuko likiwa bado bichi, kabla halijakauka na kuwa vumbi tena. Na beseni nunua la kwako. La nyumbani nilishalichukua mara moja, na mpaka leo nikikohoa mezani huulizwa kama chai ina mchanga.