Kununua Hiace Iliyotumika Unguja na Pemba: Anza Chini ya Gari

Watu wengi wanaokwenda kutazama Hiace huanza kwa kuwasha injini na kusikiliza. Visiwani mpangilio huo ugeuzwe. Injini ya Toyota ikichoka hufunguliwa, ikawekwa ringi na beringi mpya, na gari likarudi barabarani. Bodi ikishaliwa na chumvi, hakuna spea ya kuirudisha. Tena Hiace ya toleo lililoanza mwaka 2004, linalojulikana kwa namba H200, haina chesisi ya kujitenga kama Land Cruiser. Mihimili yake ya chini imechomelewa kwenye bodi, kwa hiyo mhimili ukioza, gari zima limeoza. Kwa hiyo nenda na tochi, sumaku ndogo, bisibisi ya mpini mzito, nguo za kulalia chini na jeki nzuri yenye stendi. Usijitie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Chumvi inavyolifikia gari

Gari linaweza kuja na kutu yake kutoka Japani. Mikoa ya theluji kama Hokkaido, Aomori na Niigata humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi ili barafu iyeyuke, na maji hayo hurukia chini ya gari kwa miezi. Hiace zinazovuta magurudumu yote manne nyingi hupendwa huko huko kwenye theluji, kwa hiyo ukiona KDH206 au KDH205 kwenye kibati cha namba ya fremu, kagua mara mbili. Kwa barabara zetu nguvu hiyo ya magurudumu manne haina kazi kubwa; unabeba uzito, mafuta na difu ya mbele bure.

Gari jingine limetoka Japani safi likaharibikia hapa hapa. Kusi inapovuma hupeleka ukungu wa bahari juu ya Paje, Jambiani na Makunduchi. Kaskazi nayo huupeleka Matemwe na Kiwengwa. Gari lililolazwa miaka mitatu nyuma ya hoteli ya pwani huzeeka haraka kuliko lililolazwa Mwanakwerekwe, mbali na ufukwe. Chumvi huvuta unyevu kutoka hewani, ndiyo maana chuma chenye chumvi hakikauki hata siku isiyo na mvua. Vumbi jeupe la barabara za matumbawe likijikusanya kwenye pembe za chini hufanya kazi kama sponji, likashikilia unyevu huo pale pale.

Kisha kuna mzigo. Hiace iliyobeba samaki imenyweshwa maji ya barafu yenye chumvi sakafuni kila siku. Iliyobeba magunia ya mwani mbichi vivyo hivyo. Muuzaji huenda asiseme, lakini sakafu husema. Ondoa zulia, vua skurubu mbili tatu za plastiki ya pembeni, nusa. Harufu ya samaki haitoki kwa sabuni, na kutu inayotoka ndani kwenda nje huonekana nje ikiwa imeshamaliza kazi.

Wapi pa kugonga

Tumia mpini wa bisibisi, gonga taratibu. Chuma kizima hulia kwa sauti ya juu. Kilichooza hutoa sauti nzito iliyokufa, na wakati mwingine huvunjika. Mwambie muuzaji mapema kwamba utagonga. Akikataa, umeshapata jibu.

Pitia mihimili miwili mirefu kuanzia mbele hadi nyuma, hasa pale springi za bamba za nyuma zinaposhikwa na bodi. Sehemu hii ndiyo inayobeba abiria wote, na ikilegea gari huanza kukimbilia upande mmoja unapofunga breki. Kiraka kimoja kilichochomelewa vizuri mbali na hapo si dhambi. Kiraka kwenye kishikio cha springi ni sababu ya kuondoka.

Tazama mabomba ya breki. Ni ya chuma, membamba, na yanapita chini kwa urefu wote wa gari. Kutu ya juu juu inayofutika kwa kidole si hatari, lakini bomba lililovimba na kutoa magamba litapasuka siku utakapokanyaga breki kwa nguvu, yaani siku unayoihitaji. Kubadilisha mabomba ni kazi inayowezekana. Ihesabu kwenye bei. Hapo hapo tazama mikanda ya chuma inayoshikilia tangi la mafuta, na mabomba ya hita ya nyuma kama gari linayo. Mabomba hayo hubeba maji ya injini chini ya sakafu. Huku kwetu hakuna anayehitaji hita, hivyo huachwa hadi yatoboke, na injini ikapoteza maji bila dereva kujua. Fundi mzuri huyaziba karibu na injini.

Rudi juu: ukingo wa chini wa mlango wa kusukuma na reli yake, chini ya mlango wa nyuma, ndani ya madigadi, mfereji wa mvua wa paa, na fremu ya kioo cha mbele. Malengelenge madogo chini ya rangi kandokando ya kioo yanamaanisha maji yanaingia, na yakiingia hushuka hadi kwenye nyaya. Pitisha sumaku pembeni mwa gari. Ikishika mlangoni lakini ikateleza juu ya digadi, hapo pana puti nene.

Rangi nyeusi mpya inayong'aa chini ya gari la miaka kumi na tano isikufurahishe. Mara nyingi imepakwa juu ya kutu wiki ya mauzo. Kutu iliyofunikwa haikomi, hufanya kazi gizani. Chini penye vumbi na rangi ya asili iliyofifia ni bora kuliko chini penye lami mpya.

Injini ipi

Herufi za mwanzo kwenye namba ya fremu zinakwambia. KDH ni dizeli, TRH ni petroli. KDH200 ina 2KD ya lita 2.5, KDH201 ina 1KD ya lita 3.0, TRH200 ina 1TR ya lita 2.0, na TRH214 ina 2TR ya lita 2.7. Linganisha kibati na namba iliyogongwa kwenye chuma cha bodi. Zisipofanana, simamisha mazungumzo.

Kwa anayebeba familia au wageni mara chache kwa wiki, petroli ndiyo ya kuchukua. Unguja ina urefu wa kilomita 85 hivi, Pemba kama 67. Safari zetu ni fupi, na unafuu wa dizeli kwenye mafuta huchukua miaka kulipa gharama ya nozeli, zile zinazopuliza mafuta ndani ya silinda. Injini za TR zinatumia mnyororo wa taiming badala ya mkanda, na hazina vichujio vya masizi. Dizeli ina maana kwa gari linalopiga njia ya shamba kutwa nzima limejaa.

Ukichagua 1KD, jua inapoumia. Vibati vya shaba vinavyokaa chini ya nozeli vikianza kuvuja, moshi wa mwako hupenya kwenye oili, masizi hushuka kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, na chujio la kuvuta oili huziba. Oili haifiki juu, injini inakufa huku kijiti cha kupimia kikionyesha oili imejaa. Ndiyo maana dizeli hii husikilizwa asubuhi ikiwa baridi kabisa. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, kisha inua kiti cha mbele, kwani injini iko chini yake, na ushike bomba la rejeta: likiwa na moto, limewashwa. Iwake kwa mzunguko mmoja au miwili wa stata. Mlio mkali wa kugonga unaodumu zaidi ya dakika chache ni wa nozeli. Nozeli mbovu ikimwaga dizeli kupita kiasi hupasua pistoni, na hapo bei ya matengenezo hukaribia ya injini nyingine.

Uliza pia mkanda wa taiming wa dizeli. Kwa magari ya soko la Japani hubadilishwa kila kilomita 100,000, na taa ya T-BELT huwaka kwenye dashibodi. Taa inaweza kuzimwa bila mkanda kubadilishwa, kwa hiyo taka risiti au uhesabu mkanda mpya pamoja na rola zake kwenye bei. Ukikatika, vali hukutana na pistoni.

Fungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa baridi. Maji ya kutu, rangi ya chai ya maziwa, maana yake gari limejazwa maji ya kisima badala ya kipozeshi. Visima vingi vya karibu na pwani vina chumvi, na chumvi hiyo hula rejeta, pampu ya maji na silinda hedi kutoka ndani. Injini hiyo inaweza kuwaka vizuri leo na kuchemka baada ya miezi mitatu. Chini ya kifuniko cha oili tafuta utando mweupe mzito kama samli: maji yameingia kwenye oili. Moshi wa buluu ni oili inaungua, moshi mweupe usiokoma injini ikishapata moto ni maji, mweusi mzito ni mafuta yasiyoungua.

Kujaribu barabarani

Unguja ni tambarare, na tambarare huficha mengi. Klachi inayoteleza hutaiona ukitoka Amani hadi Tunguu. Basi ijaribu ukiwa umesimama: vuta breki ya mkono, ingiza gia ya tatu, achia klachi polepole. Injini inapaswa kuzima. Ikiendelea kuzunguka, klachi imekwisha. Ukiwa Pemba, vilima vya barabara ya Chake Chake hadi Wete vitakufanyia kazi hiyo, na vitaonyesha pia kama injini inachemka. Unguja, iache ikinguruma dakika ishirini juani huku AC ya mbele na ya nyuma ikiwa imewashwa, na utazame geji ya joto. Ikipita katikati, kuna tatizo.

Kwa gia za otomatiki, kanyaga breki, toka N kwenda D kisha R. Gari liitikie ndani ya sekunde moja au mbili bila kishindo. Endesha hadi kilomita 60 kwa saa pale sheria inaporuhusu, shika usukani kwa wepesi, kanyaga breki: likivuta upande, breki ya upande mmoja imeganda au mguu wa mbele umechoka. Ngurumo inayoongezeka kwa kasi na kubadilika ukikata kona ni beringi ya gurudumu.

Tairi zina tarakimu nne ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zaidi ya miaka sita, hata zikiwa na kashata (meno yake) bado nzima, ni za kubadilisha. Hiace nyingi za H200 zinachukua 195/80R15 zenye alama 107/105, tairi za kubeba mzigo. Ukikuta tairi za gari dogo, mwenye gari alikuwa akibana matumizi, na usidhani alibana kwenye tairi tu.

Kilomita za dashibodi za dijiti hurudishwa nyuma kwa urahisi. Linganisha na mpira wa pedali, usukani, kiti cha dereva, na vibandiko vya Kijapani vya kubadilisha oili kwenye nguzo ya mlango; huwa na tarehe na kilomita. Gari la kilomita 80,000 lenye pedali iliyobaki chuma limedanganya. Kama kuna karatasi ya mnada wa Japani, tafuta daraja R, maana yake limetengenezwa baada ya ajali, na herufi kwenye mchoro wa gari: S ni kutu, C ni kutu iliyokwisha kula, W ni pameshanyooshwa, XX ni kipande kilichobadilishwa.

Karatasi

Kadi ya gari iwe na jina la anayekuuzia, au awepo mwenye jina na kitambulisho chake. Nenda naye ZRA, mamlaka ya mapato ya Zanzibar, kuhakikisha kodi na leseni ya njia hazina deni, kisha mkataba wa mauziano uandikwe wenye namba ya fremu na namba ya injini, mbele ya mashahidi wa pande zote mbili. Gari lililoingizwa kwa msamaha wa kodi, kama yale ya baadhi ya hoteli na taasisi, hubaki na kodi ya forodha inayosubiri likiuzwa kwa asiye na msamaha. Jua nani atalipa kabla fedha hazijatoka. Gari lenye namba ya T ya bara nalo limalizwe taratibu za TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) na ZRA kabla ya kulilipa. Viti vilivyoongezwa hapa vikaguliwe bolti zake: zipite kwenye bamba la chuma chini ya sakafu, si kwenye bati tupu.

Likishakuwa lako

Wiki ya kwanza badilisha oili na chujio zote, toa maji ya rejeta uweke kipozeshi, na zibua matundu ya kutolea maji chini ya milango kwa waya. Puliza nta ya kuzuia kutu ndani ya mihimili. Usipake oili chafu chini ya gari. Huoza bushi za mpira na kudondoka ardhini. Baada ya hapo osha chini kila wiki, na siku hiyo hiyo kila linapotoka ufukweni. Yaonje maji kwanza: ya kisima cha pwani yakiwa na chumvi, tafuta ya bomba.