SOMO: Jinsi ya kuitazama Before the Devil Knows You're Dead bila kupotea njiani

Wadau, hii muvi ya 2007 watu wengi wanaizima mapema wakidai haieleweki, mara iko mbele mara imerudi nyuma. Mi naipenda mno na naona inaonewa, so naiweka hapa hatua kwa hatua. Nasimulia mpaka mwisho, usiyetaka kujua ishia hatua ya 3.

Hatua ya 1: Angalia umekaa na nani. Inaanza na mume na mke chumbani na haifichi kitu, usiiwashe sebuleni wazee na watoto wapo.

Hatua ya 2: Wajue watu. Andy (Philip Seymour Hoffman) ndo kaka mkubwa, ana cheo kwenye kampuni ya majengo New York, suti kali, ila anachota hela za kampuni na anatumia unga. Hank (Ethan Hawke) mdogo wake, ameachana na mkewe na anadaiwa matunzo ya binti yake. Gina (Marisa Tomei) ni mke wa Andy, na anatoka na Hank. Wazazi ni Charles (Albert Finney) na Nanette (Rosemary Harris), wana duka la vito huko Westchester nje ya jiji.

Hatua ya 3: Soma maandishi kwenye skrini. Wizi unaonyeshwa mapema kabisa, alafu tunarudishwa siku kadhaa nyuma kumfuata Hank, kisha Andy, kisha baba yao, na kila ikiruka inaandika ni siku gani na ni ya nani. Ukikosa moja tu umepotea, kwahiyo simu weka mbali.

Hatua ya 4: Hapa ndo penyewe, sikiliza visingizio. Andy anavyomshawishi mdogo wake waibe duka la wazazi wao, anasema hakuna atakayeumia, wazee wana bima, watalipwa, na sisi tutatoka kwenye shida. Inaingia akilini kabisa na ndo inavyotisha, maana kuanguka kwao kumeanzia hapo, kwenye maneno, bastola bado hata haijaonekana. Hank kwa uoga hataki kuingia mwenyewe anamchukua mtu anaitwa Bobby, Bobby anakuja na bastola ya kweli, na mfanyakazi waliyetegemea awepo asubuhi ile hayupo, kafungua mama yao. Mama anampiga Bobby risasi, na yeye anapigwa, anaingia koma, mwishowe Charles anakubali mashine zizimwe. Wanae wanazika wakijua wao ndo chanzo.

Hatua ya 5: Usiruke maongezi ya Andy na baba yake siku ya mazishi. Mzee anamuomba msamaha kwamba hakuwa baba aliyepaswa kuwa, Andy anamuuliza una uhakika mi ni mwanao kweli, anazabwa kibao. Akiingia kwenye gari analia mpaka anashindwa kuongea. Hoffman hapo amefanya kazi ambayo sijaona wengi wakiiweza.

Hatua ya 6: Mwisho unaenda mbio. Andy anaua muuza unga wake, anaua na mtu anayewatishia wamlipe, anamgeuzia bunduki hadi Hank, mwanamke aliyekuwa na Bobby anampiga Andy risasi. Charles ameshajua ukweli kwa mnunuzi wa mali za wizi. Anaingia hospitali alikolazwa Andy, anajibandika yeye nyaya za mashine ya moyo isije ikapiga kelele, anamkandamiza mwanae mto usoni.

MASWALI

Swali: Mkuu si wangeipanga moja kwa moja tu tukaelewa?
Jibu: Ingebaki stori ya wizi bro. Ukishajua mama kapigwa risasi, kila wakicheka pale kwenye kupanga inakuuma. Na script ya Kelly Masterson mwanzoni hawa jamaa hawakuwa ndugu, ni director Sidney Lumet aliyewafanya kaka na mdogo wake. Huo uamuzi ndo ulioifanya iwe hivi.

Swali: Mbona watu wanamtupia Gina lawama zote?
Jibu: Dada, wanamuonea. Kumsaliti mumewe kamsaliti, hilo halina ubishi, ila mpango wa duka haumhusu. Andy hela alishaanza kuchota.

Swali: Sasa mzee ana tofauti gani na wanae?
Jibu: Nanette alikuwa mkewe, uchungu wake nauelewa. Lakini angeweza kuwaita polisi, akachagua kuhukumu na kuua mwenyewe, mtoto wake, yuko kitandani hajiwezi. Kwangu mi na yeye kaanguka.

Swali: Nimeipenda, niangalie ipi nyingine ya huyo Lumet?
Jibu: Hii ndo ya mwisho kuitengeneza, alifariki 2011. Tafuta Dog Day Afternoon ya 1975, wizi wa benki Brooklyn, imetokana na tukio la kweli la 1972, Al Pacino yumo. Hiyo inaenda moja kwa moja, hautapotea.