Jinsi ya kuomba kadi ya Land Rover ya zamani ya jeshi: ipeleke kwa mkaguzi kabla hujaichomelea

Wiki iliyopita nimekabidhiwa kadi ya usajili ya Land Rover yangu, Series III ya inchi 109 (yaani ile ndefu, kwa kipimo cha kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma), iliyokuwa ya jeshi kabla ya kuuzwa kwa mnada zamani. Kazi ya gereji ilichukua miezi minane. Karatasi zilichukua mwaka na miezi miwili, na sehemu kubwa ya muda huo ililiwa na kosa moja lililofanyika kwa dakika tano, tena gereji, wala si ofisini. Naandika ili wewe uliyeegesha mkweche wako chini ya mti huko Uyole, Mafinga au Makambako usilirudie.

Kosa lenyewe ni hili: tulikata chasisi kabla mkaguzi wa polisi hajaiona.

Nianze na kadi. Gari la jeshi likiwa kazini hubeba namba za JW, wala halimo kwenye daftari la magari ya raia. Likishauzwa mnadani, mnunuzi ndiye anayelisajili TRA kwa mara ya kwanza, akitumia hati za mnada na stakabadhi ya malipo. Ukikuta linauzwa bila kadi na bila hati za mnada, liache palepale hata kama injini inaunguruma vizuri. Huwezi kuomba uhamisho wa umiliki wa kitu ambacho hakuna anayeweza kuonyesha kilitokaje jeshini.

Langu lilikuwa na kadi, ila kwa jina la marehemu. Nililipata Tukuyu, kwa mama mmoja aliyelihifadhi nyuma ya migomba tangu mumewe afariki. Nilimsalimu, "Ugonile, mama," akanikaribisha chai kwanza, ndipo tukaenda kufunua turubai. Mjane hauzi gari la marehemu kwa sababu tu ni mjane, na mtoto mkubwa hauzi kwa sababu tu ni mkubwa. Anayeuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kwa bahati kijana wao alikuwa ameshateuliwa na Mahakama ya Mwanzo, hivyo barua yake ya usimamizi iliambatanishwa na mkataba wa mauziano tuliousaini mbele ya wakili. Kama familia haijafungua mirathi, wape muda wafungue. Lipa baada ya hapo.

Wapo watakaokutisha kwamba gari lililolala miaka kumi lina deni la leseni ya barabara la miaka kumi. Ada hiyo ya kila mwaka ilifutwa kwenye bajeti ya 2017/18 na mzigo wake ukahamishiwa kwenye ushuru wa mafuta. Asikupunguzie mtu usingizi kwa hilo, na asikutoze "kulisafisha".

Namba ya chasisi

Hapa soma polepole.

Kwenye Land Rover za Series, namba ya chasisi imepigwa kwenye chuma chenyewe, mbele upande wa kulia, pale springi inaposhikiwa. Ipo pia kwenye kibati kidogo ndani, kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria, lakini kibati kinang'oka kwa bisibisi, kwa hiyo mkaguzi anataka ile iliyopigwa kwenye chuma. Bahati mbaya, pembe hiyo ya mbele ni miongoni mwa sehemu zinazooza mapema. Chasisi ni mabamba yaliyounganishwa kuwa boksi. Matope yakiingia ndani hayatoki, na yakikaa na unyevu chuma kinaliwa kutokea ndani huku nje rangi ikionekana nzima. Tukuyu inapata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Tulipoigonga ile pembe kwa nyundo, ilitoka mlio wa debe lenye mchanga.

Fundi wangu ni mtu hodari, tena namwamini mpaka leo. Aliona uozo, akawasha grinda, akakata pembe nzima na kuweka bamba jipya la milimita 3. Mchomeleo wake ulikuwa mzuri kiasi kwamba nilimpigia makofi. Wala mimi wala yeye hatukukumbuka kilichokuwa kimeandikwa kwenye kile kipande.

Siku ya ukaguzi mkaguzi alichuchumaa, akapitisha tambara, akamulika tochi, akapitisha tambara tena. Kisha akasimama akaniuliza, "Mzee, namba iko wapi?"

Nikamjibu, "Ipo hapo afande, upande wa kulia."

"Hapa pana bamba jipya."

Nilisikia baridi ambayo si ya Mbeya. Gari lisilo na namba ya chasisi ni sawa na gari la wizi mpaka uthibitishe vinginevyo, na mkaguzi alikuwa na haki kamili ya kunirudisha. Nje ya geti kijana mmoja akanifuata. Alikuwa ameshasikia. Akasema kuna mtu ana seti ya kupigia namba, jioni hiyohiyo kazi inaisha, nimpe laki moja na nusu. Ndugu yangu, usiguse kabisa. Namba iliyopigwa na kishoka ni kughushi utambulisho wa gari, na siku mtaalamu akiikagua herufi kwa herufi, atakayejieleza polisi ni wewe mwenye gari. Yule kishoka hutamwona tena.

Kilichoniokoa ni kwamba fundi hatupi chuma. Kile kipande kilikuwa kinazuia mlango wa gereji usijifunge na upepo. Tulikiloweka dizeli usiku kucha, asubuhi tukakisugua kwa brashi ya waya, taratibu, bila grinda. Tarakimu zikaanza kujitokeza moja moja, na mwishoni herufi C. Nilishindwa kuongea. Fundi naye alikaa chini kwenye tairi, akanyamaza.

Nilikirudisha kwa mkaguzi kikiwa kimefungwa kwenye gunia, pamoja na kadi ya asili. Akanielekeza niandike maelezo ya kilichotokea, fundi aandike ya kwake, na picha zote za kazi ziambatanishwe. Baada ya wiki sita nikaruhusiwa kwa maandishi kukirudisha kipande mahali pake, mchomeleo uachwe wazi bila puti juu yake, kisha nilete gari likaguliwe upya. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwangu. Kama kile kipande kingeuzwa kwa mnunuzi wa chuma chakavu, sijui ningekuwa wapi leo.

Kwa hiyo wewe fanya hivi. Siku gari linapofika gereji, kabla halijafunguliwa hata bolti moja, osha ile pembe kwa dizeli na brashi. Paka chaki juu ya namba kisha ifute kwa kiganja, chaki itabaki ndani ya michongo. Piga picha ya karibu, halafu nyingine ya mbali inayoonyesha kipande hicho kipo sehemu gani ya gari. Weka karatasi nyepesi juu yake, sugua kwa ubavu wa penseli, utapata nakala. Fanya hivyohivyo kwa namba ya injini, ambayo kwenye injini ya lita 2.25 ipo kwenye bloku, mbele upande wa kushoto. Ndipo uende kwa mkaguzi wa magari wa Kikosi cha Usalama Barabarani, umwombe aje alione gari au ulipeleke kwa kulivuta, umweleze nini kimeoza na unataka kukata wapi. Maelekezo yake yapate kwa maandishi. Kwa fundi, zungushia namba rangi nyekundu na umwambie kwa mdomo wako: hapa hapakatwi, hapasuguliwi, hapapakwi puti.

Linganisha pia namba na kadi, herufi kwa herufi. Series III za kabla ya mwisho wa miaka ya 1970 zina tarakimu 8 na herufi moja mwishoni. Kwenye kadi yangu ya zamani ile C haikuwepo, aliyeandika aliishia kwenye tarakimu. Kasoro kama hiyo irekebishwe kwenye maombi haya haya, ukiambatanisha ripoti ya ukaguzi, maana ukiiacha itakufuata siku ya kuuza.

Kuchomelea kwenyewe

Ukishakuwa na kibali mkononi, kazi ya chuma inaweza kuanza. Bodi ya Land Rover ni alumini iliyofungwa kwa bolti kwenye chasisi ya chuma, kwa hiyo ing'oe yote uione chasisi ikiwa tupu. Pima kona kwa kona kabla hujakata na baada ya kuchomelea. Vipimo viwili vya mshazari vikipishana, chasisi imepinda, na gari litakwenda upande maisha yake yote. Toa tangi la mafuta. Land Rover nyingi za jeshi zina matangi mawili, moja chini ya kila kiti, na tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa kwa sababu ya mvuke. Chomoa betri na waya za alternata. Chomelea sentimita tatu nne, hamia upande wa pili, rudi. Fundi akivuta mstari mrefu kwa mara moja, joto litakunja bamba.

Alumini haichomelewi kwa mashine ya fimbo ya chuma, asikudanganye mtu. Inataka gesi ya argoni na fundi wake, au ribiti. Na popote alumini inapokutana na chuma utakuta unga mweupe kama chumvi. Hiyo ni alumini inaliwa. Weka rangi ya kutosha pande zote mbili na kipande cha mpira katikati kabla hujakaza bolti. Mwisho, acha matundu ya kutolea maji chini ya chasisi na nyunyizia oili ndani. Matundu hayo mafundi wengi huyaziba wakidhani ni kutu imetoboa.

Rangi na alama za jeshi

Ukiwa unaipenda kama ninavyoipenda mimi, utatamani ibaki na rangi ya jeshi. Usifanye hivyo. Mnakumbuka Agosti 2023 JWTZ ilivyotoa siku saba raia wasalimishe sare na mavazi yanayofanana nayo. Gari lenye rangi ya mabakamabaka na namba ya kikosi kwenye bampa litakusimamisha kila kizuizi kuanzia Igawa mpaka Tunduma. Futa alama zote, ng'oa vishikio vya bunduki. Mimi nimechagua rangi ya maziwa. Ila rangi imeandikwa kwenye kadi, kwa hiyo kubadili rangi ni kubadili taarifa za gari, na maombi yake nimeyaunganisha na ya uhamisho ili ripoti moja ya ukaguzi itumike kote. Kama umeweka injini ya Toyota au Isuzu, nayo ni vivyo hivyo, na risiti ya injini uwe nayo, la sivyo utaulizwa imetoka wapi.

Ukaguzi wa mwisho na TRA

Breki ndizo zilizomchukua mkaguzi muda mrefu. Hizi gari zina breki za madramu magurudumu yote manne, na likilala miaka silinda za magurudumu zinaganda. Badilisha zote sita kama hujui umri wake kwa uhakika, mbili kila gurudumu la mbele na moja kila la nyuma, kisha jaribu kwenye mteremko mfupi kabla ya kuthubutu ule wa Kawetere. Uchezaji wa usukani, taa, honi, waipa, viakisi na mikanda unavijua. Gari lililokuwa la kubebea redio za mawasiliano jeshini lina umeme wa volti 24, basi usinunue balbu za volti 12 ukashangaa zinakatika.

TRA pakishafikiwa na karatasi kamili ni pepesi: TIN za pande zote mbili, vitambulisho, mkataba, barua ya mirathi, kadi ya asili ambayo utaiacha hapo, na ripoti ya ukaguzi. Toa nakala ya kadi ya asili kabla hujaiacha. Utapewa namba ya malipo, ulipe ada ya uhamisho, ya kadi, na ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya thamani ya gari. Namba za usajili za zamani zilizoanza na TZ hubadilishwa kuwa za sasa zinazoanza na T, hivyo panga na hela ya vibao.

Kadi ikitoka usiondoke dirishani. Soma jina, rangi, namba ya injini, kisha namba ya chasisi mpaka herufi ya mwisho. Mimi niliisoma mara tatu. Tarakimu nane, halafu C.