Somo: Kupima masi ya kundi la galaksi kwa eksirei

Galaksi za kundi la Abell 2029 zimezama katika gesi ya takriban keV 8 (kiloelektronivolti, kipimo cha nishati kinachotumika pia kwa halijoto), yaani nyuzi milioni 90 hivi. Gesi ya moto namna hiyo ingekwisha tawanyika zamani kama isingeshikwa na graviti. Tunachopima ni hicho kinachoishika.

1. Pakua data za Chandra, darubini ya eksirei iliyo angani, ziko wazi kwa wote. Zichakate upya kwa programu ya CIAO, amri chandra_repro.

2. Chora idadi ya fotoni kwa muda, ukate vipindi ambavyo idadi iliruka juu ghafla. Kisha tafuta vyanzo vya nukta kwa amri wavdetect uvifute. Vingi ni mashimo meusi ya mbali.

3. Toa mandharinyuma, yaani ishara zisizotoka kwenye kundi. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa hiyo usiharakishe. Chukua data za anga tupu, lisilo na kundi, uzipime upya hadi hesabu yake kati ya keV 9.5 na 12 ilingane na yako: huko vioo havikusanyi karibu chochote, kinachoonekana ni chembe tu zinazogonga kigunduzi. Ukitoa pungufu, katikati hutaona kosa, ila ukingoni, kundi linapofifia, halijoto itapanda kwa uongo na masi pamoja nayo.

4. Gawa picha kwa pete, kila moja iwe na fotoni elfu kadhaa. Linganisha spektra (mgawanyo wa fotoni kwa nishati) na modeli tbabs*apec, yaani gesi ya moto (apec) inayoonekana kupitia gesi inayofyonza mwanga (tbabs), upate halijoto.

5. Mng'ao hufuata msongamano wa gesi kwa kipeo cha pili. Ondoa kwanza mchango wa tabaka za nje zilizo mbele na nyuma, ndipo upate msongamano.

6. Kokotoa: M = 3.7×10¹³ × T × r × (a + b), kwa masi za Jua. M ni masi iliyo ndani ya r, T ni halijoto kwa keV, r ni umbali kutoka katikati kwa megaparseki (moja ni miaka ya nuru milioni 3.26 hivi). Herufi a na b ni ukali wa kushuka kwa msongamano na halijoto kwenye grafu ya logi. Kwa mfano T = 8, r = 0.5, a = 2, b = 0: M ≈ 3×10¹⁴.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, masi yangu inapungua nikielekea nje. Nimekosea wapi?*
Umechukua mteremko kati ya pete na pete, kelele zikakuongoza. Pitisha mkunjo laini kwanza, ndipo utafute mteremko. Ikiendelea, rudi hatua ya 3.

*Tutajuaje kwamba masi hiyo si gesi yenyewe?*
Jumlisha msongamano wa hatua ya 5. Katika makundi makubwa gesi hufika asilimia 10 hadi 15 hivi ya masi yote, na nyota ni pungufu ya hapo. Kinachobaki ni maada ya giza, isiyotoa mwanga.

*Naweza kutumia njia hii kwa 1E 0657-56?*
Hapana, ndugu. Hayo ni makundi mawili yaliyogongana, gesi ina wimbi la mshtuko na haijatulia, ilhali hesabu yetu inadai utulivu. Pale masi ilipimwa kwa jinsi graviti inavyopinda mwanga wa galaksi za nyuma, na mwaka 2006 ilionyeshwa kwamba iko kando ya gesi.