Somo: Daktari mstaafu anavyoweza kuingia kwenye uandishi wa kitabibu

Wakubwa zangu na wenzangu mliokwisha kukabidhi ofisi, shikamooni. Wengi mmeuliza kama kalamu inaweza kumpa daktari kipato baada ya kustaafu. Inaweza, ila cheo cha wodini hakimfanyi mtu kuwa mwandishi. Anayekupa kazi anataka ukurasa ambao msomaji wake atauelewa, hata kama umetibu miaka mingi kiasi gani.

1. Chagua tawi. Zipo ripoti za majaribio ya dawa, zinazofuata mwongozo wa ICH E3 wa mwaka 1995 (ICH ni baraza la kimataifa linalooanisha masharti ya dawa). Zipo makala za majarida, na vipeperushi vya elimu ya afya. Halafu zipo fomu za ridhaa, ambazo mshiriki wa utafiti wa Bagamoyo au Kilombero anatakiwa azielewe kabla hajaweka saini. Ushauri wangu ni kuanzia hapo. Mara nyingi fomu huandikwa kwa Kiingereza, kisha hutafsiriwa haraka haraka ili iwahi kamati ya maadili. Wewe uliyekaa na wagonjwa unajua ni sentensi ipi mtu ataitikia "ndiyo daktari" huku hajaelewa kitu. Ujuzi huo kijana aliyetoka chuoni juzi hana.

2. Achana na lugha ya faili. Hapa ndipo wengi hukwama. Chukua bahasha ya dawa ya mseto ya malaria (ALu) ya mtu mzima: "4x2, siku 3". Kwetu inatosha. Kwa mgonjwa, iandike hivi:

"Meza vidonge 4 sasa hivi, na vingine 4 zikishapita saa 8. Kesho na keshokutwa meza 4 asubuhi na 4 jioni. Kula kwanza au kunywa maziwa, maana dawa hii huingia mwilini vizuri ikikuta mafuta. Ukitapika kabla ya saa moja kupita tangu umeze, rudi kituoni upewe dozi nyingine. Maliza vidonge vyote hata ukijisikia umepona."

Kisha mpe jirani asiye mtu wa afya aisome, na umwombe akueleze kwa maneno yake atameza nini na lini. Akikosea, rekebisha sentensi yako. Usianze kumfundisha yeye, kwa sababu mgonjwa wa Tandahimba hatakuwa na wewe pembeni.

3. Andaa sampuli mbili tatu. Kipeperushi kimoja, muhtasari wa utafiti kwa lugha nyepesi, na ukurasa wa fomu ya ridhaa. Usichote habari kwenye mafaili ya wagonjwa wako wa zamani. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na siri ya mgonjwa haistaafu pamoja na daktari.

4. Soma kanuni za kazi. AuthorAID, mtandao wa kuwasaidia watafiti wa nchi zinazoendelea kuandika, umekuwa ukitoa kozi za bure mtandaoni. Kwa makala za majarida, ijue miongozo ya namna ya kuripoti matokeo: CONSORT kwa majaribio na PRISMA kwa mapitio ya tafiti.

5. Anza na wanaokujua. Intani uliowafundisha leo ni watafiti. Waombe kazi ndogo, na hata kwa hao andikianeni mkataba: kazi inaishia wapi, marekebisho ni mara ngapi, malipo lini.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Moshi: Shikamoo dokta. Nikimwandikia profesa makala yote, jina langu linaingia kwenye waandishi?

Jibu: Marahaba. Kamati ya wahariri wa majarida ya tiba, ICMJE, ina masharti 4, na yote lazima yatimie: mchango mkubwa katika wazo la utafiti au data zake, kuandika au kuhakiki, kuidhinisha toleo la mwisho, na kukubali kuwajibika kwa kazi nzima. Ukiwa umeandika tu, unatajwa kwenye shukrani, pamoja na aliyekulipa. Akitaka usitajwe kabisa, ikatae kazi hiyo. Msomaji ana haki ya kujua nani ameshika kalamu na kwa fedha za nani.

Mwanachama, Mombasa: Wasomaji wa vipeperushi vyangu wananitumia dalili zao kwa simu. Niwajibu?

Jibu: Hapana. Hapo umeshaanza kutibu, tena bila kumpima mtu. Waelekeze kituo cha afya.

Mwanachama, Dodoma: Programu za akili mnemba zinaandika haraka. Bado tunahitajika?

Jibu: Tunahitajika sana. Programu hizo huweza kubuni marejeo ya tafiti zisizokuwepo, na kukosea dozi kwa sentensi iliyonyooka kabisa. Kwa ICMJE, programu haiwezi kuwa mwandishi, na ukiitumia unapaswa kusema. Mimi kila dozi naihakiki kwenye mwongozo wa matibabu wa taifa, namba moja baada ya nyingine, kabla karatasi haijatoka mezani kwangu.