Namna ya kujua kama hoteli inailipa shehia yako au inaikomba

Kila mwaka tunasikia watalii wameongezeka Zanzibar, mwaka 2023 walipita 600,000, na mi sipingi kabisa, sasa hivi karafuu peke yake haiwezi tena kutubeba. Ila idadi ya watalii haikwambii kilichobaki kwenye vijiji vya pwani kama Nungwi, Paje au Jambiani. Hilo inabidi uhesabu mwenyewe kwenye shehia yako, yaani eneo dogo la utawala la kijiji au mtaa huku kwetu, daftari moja na wiki mbili zinatosha.

Anza na mlango wa nyuma wa hoteli. Usiende mapokezi, nenda alfajiri pale gari za mizigo zinaposhusha, andika kila kinachoshuka na kimetoka wapi. Mimi nilifanya hivyo kwenye hoteli moja huku kusini, nikakuta kuku wa barafu, mayai ya kuletwa, vitunguu vya bara, juisi ya paketi, cha kwetu kilikuwa madafu na pweza basi, na huyo pweza mama aliyemtoa mwambani tangu maji yanakupwa kauza kilo nzima kwa bei isiyofika hata sahani moja kwenye menyu ya jioni ile ile. Iliniuma sana, maana tungule (nyanya) tunalima na kuku tunafuga.

Alafu uliza mgeni kalipia wapi. Chukua mfano tu, mtu kalipa dola 2,000 kwao Ulaya kwa kifurushi cha kila kitu: 900 za ndege, 300 za wakala, zilizobaki 800 ndio za hoteli, na humo toa bidhaa zilizoagizwa nje na faida ya mwenye hoteli kama hakai hapa. Kinachobaki ni mishahara, kodi, na kile ulichoandika pale mlango wa nyuma. Kwa hiyo kijana mwenye begi mgongoni, analala nyumba ya wageni ya mwenyeji na anakula kwa mama ntilie, anaweza akatuachia zaidi kuliko huyo wa 2,000.

Kwenye ajira usihesabu vichwa, uliza mkataba au kibarua, na miezi mingapi kwa mwaka. Masika hoteli nyingi zinafunga na kibarua anarudi nyumbani mikono mitupu. Mwaka 2020 ndege ziliposimama tuliona wote, aliyebakisha ngarawa au kamba zake za mwani walau alikula.

Sasa ukurasa wa pili, tunachotoa sisi, na hapa ndipo watu wengi wanaacha. Andika kisima kilichoanza kuwa na chumvi, njia ya pwani iliyozibwa ukuta, bei ya samaki changu sokoni msimu wa wageni, kodi ya chumba cha mwalimu. Andika na ardhi, ambayo Zanzibar ni mali ya umma na mwekezaji anakodishwa kwa miaka mingi, mara nyingi fidia inahesabu minazi na vipando, haihesabu kwamba wanawake walikuwa wanapita hapo kwenda kuanika mwani.

Ukishapata kurasa zote mbili nenda kwa sheha, kiongozi wa shehia, na kamati, mkaonane na meneja. Msiende na malalamiko kumi, nendeni na ombi moja linalopimika, mfano trei 20 za mayai kila wiki, malipo ndani ya siku saba, kwa maandishi. Hizo siku saba zisimamieni, maana mfugaji mdogo akicheleweshewa hela miezi miwili pumba hanunui, kuku wanakufa, alafu wanasema wenyeji hawaaminiki. Akisema haiwezekani kugawana na wanakijiji, mtajieni msitu wa Jozani huku Unguja, sehemu ya viingilio vya kuangalia kima punju, wale kima wekundu wa Zanzibar, inakwenda kwa vijiji vinavyozunguka msitu, na wakulima wanaoliwa mazao na kima wanafikiriwa.

Hesabu ya pili ifanye mwezi wa tano, mvua zinanyesha na mageti yamefungwa, uone nani pale kijijini bado analipwa.