Breki za skuta haziishii kwenye pedi: jinsi ya kukagua breki na chesisi mwenyewe

Skuta ikianza kushika breki vibaya, wengi wetu wazo la kwanza ni pedi. Unanunua pedi mpya, unafunga, siku 3 poa, alafu tatizo linarudi vile vile. Mimi skuta ndo kazi yangu na nakwambia kabisa, breki ni safari nzima inayoanzia kwenye kidole chako mpaka pale tairi linapogusa ardhi, na katikati kuna waya au mafuta, kuna bushi, beringi, foku (miguu miwili ya mbele inayoshika tairi), shokapu, nati za ekseli (chuma kinachopita katikati ya gurudumu), na yoyote kati ya hivyo ikilegea utaisikia kwenye breki. Kwa hiyo hapa tutaifuata hiyo safari yote. Tenga nusu siku kama ndo mara yako ya kwanza, ukizoea ni saa moja tu.

Vifaa: spana za kawaida na soketi, bisibisi, plaiza, brashi ngumu, msasa laini, dawa ya kusafishia breki, grisi ya kawaida, grisi ya silikoni ya breki, mafuta mapya ya breki, mpira mwembamba unaopitisha mwanga, chupa, kipimo cha upepo, na vitambaa visafi vingi. Ukiwa na spana ya kupima nguvu itumie, namba zake zipo kwenye kitabu cha skuta yako na ekseli hazikazwi kwa kukisia.

Hatua ya 1: tikisa kabla hujafungua chochote

Hii ndo wengi wanairuka. Weka skuta stendi kubwa, ikandamize mkiani ili tairi la mbele liinuke (mtu akusaidie kushikilia). Shika foku kwa chini kabisa, vuta kuja kwako, sukuma kwenda nyuma. Ukisikia "ko ko" mkononi, beringi za shingo ya usukani zimelegea. Sasa geuza usukani taratibu kutoka kushoto kwenda kulia, ukiona panapofika katikati unanasa kidogo kama umeingia kwenye kishimo, zile gololi zimeshachimba njia zake na hapo kukaza hakusaidii tena, ni kubadilisha seti nzima pamoja na vikombe vyake.

Alafu shika tairi la mbele juu na chini, lisukume na livute kwa upande. Likicheza lenyewe huku foku imetulia ni beringi ya gurudumu au ekseli.

Nyuma inataka akili kidogo. Kwenye skuta injini, bomba na tairi la nyuma vinapanda na kushuka pamoja, yaani injini yenyewe ndo mkono wa kubeba tairi, na imeshikwa na chesisi (fremu ya skuta) kwa bushi za mpira. Na skuta nyingi stendi kubwa imefungwa kwenye injini. Kwa hiyo ikiwa imesimama hapo, shika chuma cha kushikia abiria usukume mkia kulia na kushoto. Mwili ukienda huku na huku wakati injini imetulia, bushi zimekufa. Ukitaka kujua beringi ya nyuma, shika tairi lenyewe utikise, likicheza bila kesi ya injini kutikisika basi ni beringi au nati kubwa ya ekseli. Tofauti hii itakuokolea hela maana dalili barabarani zinafanana, mkia unayumba kwenye kona na ukishika breki ya nyuma skuta inavutia upande.

Andika ulichokuta. Usitengeneze bado.

Hatua ya 2: leva na waya

Kaba breki ya mbele, skuta nyingi ni leva ya kulia, ile ya kushoto ni ya nyuma. Kama ni ya mafuta, ishikilie kwa nguvu nusu dakika nzima. Ikisimama imara ni sawa. Ikizama polepole kuelekea kwenye usukani, kuna mafuta yanavuja au sili (mipira ya kuzuia mafuta) za masta silinda, ile pampu ndogo ya kwenye leva, zimechoka. Ikiwa laini kama sponji na ukipampu inapanda, kuna hewa ndani. Hizi dalili mbili watu wanazichanganya sana, wanatoa hewa wiki nzima kumbe shida ni sili.

Kama ni ya waya, chomoa waya kwenye leva uangalie kile kichwa chake cha risasi na nyuzi zilizo jirani nacho. Uzi mmoja tu ukikatika, badilisha waya. Usisubiri wa pili, maana hukatika ukikaba kwa nguvu na hapo ndo unapouhitaji. Pivoti ya leva ipake grisi kidogo tu.

Hatua ya 3: breki ya dramu

Dramu ni lile kopo la chuma katikati ya gurudumu, na shuu ni vile vipande viwili vya ndani vinavyotanuka kulisaga. Inua tairi la nyuma. Leva inatakiwa iwe na mchezo wa kama mm 10 hadi 20 ukipima kwenye ncha yake kabla breki haijaanza kushika. Kaza nati ya marekebisho, ile ya mwisho wa waya kwenye mkono wa dramu, mpaka tairi lianze kukwaruza, alafu rudisha mpaka lizunguke huru. Angalia ule upande wa nati wenye mbonyeo ukae vizuri kwenye pini yake, la sivyo nati itajirudi yenyewe ukiwa njiani.

Sasa kaba breki mpaka mwisho uangalie kimshale kwenye mkono wa dramu. Kikifika kwenye alama ya kwenye sahani, shuu zimeisha. Kuna ujanja mbaya nauona kila siku: nati ikiisha nafasi, mtu anachomoa ule mkono na kuuhamisha meno kwenye shafti ili apate nafasi nyingine ya kukaza. Tafadhali usifanye. Kemu ya ndani (kile kipande kinachotanua shuu) inageuka kupita kiasi, inaweza kugoma kurudi na tairi likajifunga kwenye mwendo.

Ukifungua dramu, usipulize vumbi lake wala kwa mdomo wala kwa kompresa, vumbi la breki sio kitu cha kuvuta kifuani, lowesha kwa dawa ya breki ulifute. Soma kipenyo cha mwisho kilichochapwa ndani ya dramu, ya mm 130 mara nyingi huandikwa 131, ikizidi hapo dramu imekwisha hata kama inang'aa. Kemu ipake grisi nyembamba sana inayostahimili joto, isifike kwenye shuu.

Na angalia mafuta. Hapa nikae kidogo kwa sababu imewahi kuniuma. Kuna skuta ililetwa kwangu ikiwa imebadilishwa shuu mara 2 ndani ya miezi michache na bado haishiki, mwenyewe ameshakata tamaa na shuu, anasema ni feki. Kufungua nakuta zimelowa oili ya gia. Sili ya shafti ya gurudumu ilikuwa inavuja taratibu ndani ya dramu, na aliyezifunga zile shuu aliiona ile oili akaifuta tu kwa kitambaa. Mtu angeweza kuumia. Shuu au pedi zikishanywa oili hazifai tena, kuzichoma moto au kuziosha kwa petroli hakuzirudishi, na sili ndo inatangulia kubadilishwa.

Hatua ya 4: breki ya diski

Tazama unene wa pedi kwa tochi. Ikibaki kama mm 2 ya ile sehemu inayosaga andaa pedi mpya, usingoje chuma kwa chuma. Pedi moja ikiwa imelika kuliko mwenzake, kalipa (ile nyumba ya chuma inayobeba pedi) haitembei kwenye pini zake, na hata ufunge pedi za dhahabu zitalika vile vile. Diski nayo ina unene wa mwisho uliochapwa juu yake, pima kwa kipimo pale pedi zinapopita, sio ukingoni ambako hakujalika.

Fungua kalipa, itundike kwa kamba isining'inie kwenye mpira wa mafuta. Toa pedi. Usikabe leva muda huu, pistoni inayosukuma pedi itatoka. Safisha pistoni kwa brashi na dawa ya breki KABLA ya kuirudisha ndani, ukiirudisha na uchafu wake utakata sili. Fungua kifuniko cha kopo la mafuta kule juu kwenye usukani, ukitazama lisifurike, sukuma pistoni kwa vidole au kipande cha mbao. Chomoa pini za kalipa, zing'arishe, paka grisi ya silikoni. Grisi ya kawaida inavimbisha mipira yake na baada ya miezi kadhaa kalipa inaganda.

Funga pedi, rudisha kalipa, kaza bolti zake kwa kipimo. Alafu pampu leva mpaka iwe ngumu. Nasema tena, pampu leva kabla skuta haijasogea hata mita moja, kwa sababu pistoni ipo mbali na diski na ile kaba ya kwanza haitashika kabisa. Diski ifute kwa dawa ya breki, usiiguse tena kwa vidole vya grisi.

Hatua ya 5: mafuta ya breki

Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani hata kama hujatembea. DOT 4 (daraja mojawapo la mafuta ya breki) yakiwa mapya huanza kuchemka kwenye nyuzi 230 au zaidi, yakishanyonya maji kiwango chake cha chini kinashuka mpaka 155. Kwenye mteremko mrefu kalipa ikipata moto yanachemka, yanatoa mvuke, leva inaenda mpaka mwisho na breki hakuna. Ndo maana yanabadilishwa kila miaka 2 hata kama kopo limejaa. Tumia aina iliyoandikwa kwenye kifuniko. DOT 3, 4 na 5.1 ni familia moja, DOT 5 ni ya silikoni, usiichanganye nazo kabisa. Chupa iliyokaa wazi mwaka mzima itupe.

Kutoa hewa: geuza usukani kopo likae sawa, funika rangi na plastiki kwa kitambaa chenye maji maana haya mafuta yanakula rangi. Chomeka mpira kwenye skrubu ya kutolea hewa pale kwenye kalipa, ncha nyingine izame kwenye chupa yenye mafuta kidogo. Pampu leva taratibu mara 3 au 4, ishikilie, fungua skrubu robo mzunguko, leva itashuka, funga skrubu, NDIPO uachie leva. Ukiachia kabla hujafunga unavuta hewa upya na kazi yote inaanza mwanzo. Rudia mpaka yatoke masafi bila mapovu, huku unaongeza kule juu, kopo lisikauke hata mara moja. Ikibaki usponji kidogo, funga leva ikiwa imekabwa ilale hivyo mpaka asubuhi, vipovu vidogo hupanda vyenyewe. Skuta yenye ABS (mfumo unaozuia tairi kujifunga ukikaba) ikigoma kuwa ngumu peleka kwa fundi mwenye kifaa chake, hewa inaweza kuwa imebaki ndani ya moduli.

Hatua ya 6: rudi kwenye ile orodha ya chesisi

Shingo iliyolegea: fungua plastiki ya mbele, legeza nati ya juu, kaza ya chini kidogo kidogo mpaka mchezo uishe ila usukani uanguke wenyewe kila upande ukiuachia. Ukiubana sana skuta itatangatanga njiani kama mlevi. Shikilia nati ya chini isizunguke wakati unafunga ya juu, alafu jaribu tena.

Foku: futa mirija, ibonyeze mara kadhaa, ukiona pete ya mafuta sili zimekwisha, na hayo mafuta yakishuka yanaishia kwenye diski. Kabla ya kufunga sili mpya pitisha kucha kwenye mrija, penye kutu inayokwama kucha patachana na sili mpya pia. Shokapu za nyuma: bonyeza mkia uachie, upande mara moja utulie. Ukiendelea kudunda, tairi linaruka kwenye vishimo na tairi lililo hewani halina breki.

Usisahau chini ya sakafu ya kuwekea miguu. Bomba la chesisi hupita pale na tope na maji yanakaa hapo hapo. Safisha, gonga kwa mpini wa bisibisi, sauti ikiwa butu au chuma kikibonyea kuna kutu imekula. Angalia pia penye kuchomelewa karibu na shingo, ufa mwembamba unaanza kama mstari wa kutu kwenye rangi. Ukiuona usiendeshe mpaka mchomeleaji anayejua chesisi autazame. Stendi ipake grisi.

Hatua ya 7: tairi

Upepo pima tairi likiwa la baridi, kwa kiwango cha kwenye kibandiko au kitabu. Soma namba 4 za tarehe ubavuni, 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi zee lenye nyufa linateleza hata likiwa na kashata za kutosha.

Hatua ya 8: kujaribu

Zungusha kila gurudumu kwa mkono, kaba, achia, lizunguke tena huru. Tafuta sehemu isiyo na watu, nenda taratibu ukabe breki moja moja, kwanza mwendo wa kutembea, alafu ongeza. Pedi mpya zinataka kilomita kama 200 za kukaba kwa upole zikae sawa na diski, kwa hiyo acha nafasi kubwa mbele yako siku hizo. Ukirudi nyumbani gusa rimu au dramu kwa mgongo wa mkono, ya moto sana wakati hukukaba sana inamaanisha breki inakwaruza, legeza. Kesho yake asubuhi kabla ya kutoka kaza tena bolti zote ulizogusa na uangalie chini kama kuna tone lolote.